Kisite-Mpunguti: Mbuga ya bahari iliyo nyuma ya Wasini

Ukitoka Mombasa kuelekea kusini, ukapita Ukunda na Msambweni, barabara ya Lunga Lunga inakuachia njia ya kushoto inayokufikisha Shimoni, kaunti ya Kwale. Hapo nchi kavu inaisha. Mbele yako ni mkondo wa bahari, ng'ambo yake ni kisiwa cha Wasini, na nyuma ya Wasini, kabla ya kuingia maji ya Tanzania, ndiko iliko Mbuga ya Kitaifa ya Bahari ya Kisite-Mpunguti.

Wengi wetu tunaitaja kama kitu kimoja, lakini ni sehemu mbili zenye sheria tofauti. Kisite ni mbuga yenye ukubwa wa kilomita 28 za mraba, na humo hairuhusiwi kuvua chochote. Mpunguti ni hifadhi ya kilomita 11 za mraba, ambamo uvuvi wa kiasili kama mshipi na madema unaruhusiwa. Eneo hili lilitengwa katika miaka ya 1970 na husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Ndani yake mna visiwa vidogo: Mpunguti ya Juu na Mpunguti ya Chini vyenye kichaka juu ya mawe ya matumbawe, na Kisite chenyewe, kisiwa kitupu kisichokaliwa na mtu.

Ukiangalia kwa juu utaona maji tu. Utajiri uko chini. Matumbawe ya kila umbo yamejengeka kwenye maji haba, na ndimo wanamoishi changu, chewa, tasi, kangu, pweza na kamba. Kasa wa kijani na ng'amba huja kula humo. Pomboo huonekana karibu mwaka mzima, na kati ya Julai na Oktoba nyangumi wenye nundu hupita na watoto wao wakitokea bahari baridi za kusini. Kisite ni mahali muhimu kwa ndege pia, kwa kuwa membe hutaga mayai juu ya mawe yake wakati wa kusi.

Anayetaka kuogelea na kuona vyema aende wakati wa kaskazi, bahari inapotulia na maji kuwa maangavu. Kusi ikishika, mawimbi hukua na maji huchafuka.

Safari haikamiliki bila Wasini. Huko hakuna gari, watu hutembea kwa miguu. Nyuma ya kijiji kuna bustani ya matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu, yamezungukwa na mikoko. Kina mama wa kijiji ndio wanaosimamia daraja la mbao linalopita katikati yake, na kiingilio husaidia mahitaji ya jamii. Shimoni nako kuna pango lililoupa mji jina lake, na linalokumbukwa kwa biashara ya watumwa.

Sasa tuseme ukweli. Matumbawe haya yana adui. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi na matumbawe mengi ya pwani yetu yakageuka meupe na kufa. Joto la dunia hatuwezi kulizuia tukiwa Shimoni, lakini nanga tunaiweza. Nanga moja ikitupwa juu ya mwamba huvunja kilichochukua miaka mingi kukua. Ndiyo maana nahodha anatakiwa kufunga chombo kwenye boya. Vivyo hivyo kwa pomboo: mashua tano zikiwazingira kwa wakati mmoja ili mgeni apate picha, wanyama hawa hukosa kupumzika na kunyonyesha.

Jambo la pili ni haki ya mvuvi. Waswahili husema mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Mbuga ilipotengwa, wazee wa Wasini, Mkwiro na Shimoni walipoteza maeneo waliyovua baba zao. Faida ipo, kwani samaki wanaozaliana bila kusumbuliwa hutoka na kuingia maeneo ya kuvua. Lakini faida hiyo haionekani kwa macho, ilhali mgeni anayelipa kiingilio langoni huonekana kila siku. Kijana wa Wasini akiona pesa zinapita mbele ya mlango wake bila kusimama, kumwomba ailinde Kisite ni kumtwisha mzigo bila ujira.

Huku mradi wa bandari ya uvuvi ukiwa Shimoni, vyombo vitazidi katika mkondo ule. Wakati wa kukaa chini na kamati za wavuvi kuhusu maboya, doria na mgao wa mapato ni sasa, mwamba ukiwa ungali hai.