Watoto Hawa Wanatoka Wapi? Historia ya Limfoma ya Burkitt

Limfoma ya Burkitt ni saratani ya chembechembe nyeupe za damu inayowapata zaidi watoto wa kati ya miaka 4 na 10 katika maeneo ya joto ya Afrika. Mara nyingi dalili ya kwanza ni jino linalolegea kabla ya wakati wake. Mama humpeleka mtoto kung'olewa jino, na siku chache baadaye shavu linavimba, jicho linasukumwa mbele, na pengine tumbo nalo linajaa. Ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote, kwani uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu kwa siku 1 au 2. Mtoto asiyetibiwa hufa katika muda wa miezi michache.

Ugonjwa huu una nafasi ya pekee katika historia ya tiba. Kwa kupitia kwake, virusi vya kwanza vinavyohusishwa na saratani ya binadamu viligunduliwa. Pia ni miongoni mwa saratani za kwanza kuponywa kwa dawa peke yake, bila kisu wala mionzi. Sehemu kubwa ya elimu hiyo ilianzia katika hospitali ya Mulago na shule ya udaktari ya Makerere, mjini Kampala, na chimbuko lake lilikuwa swali jepesi: watoto hawa wanatoka wapi?

Ugonjwa wenyewe si mgeni Uganda. Daktari mmisionari Albert Cook, aliyefika mwaka 1897 na kuanzisha hospitali ya Mengo, aliacha madaftari ya wagonjwa yenye michoro ya watoto waliovimba taya. Mulago ilianza mwaka 1913 ikiwa kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa, na katika miaka ya 1920 ikawa mahali pa kufundishia madaktari. Mwaka 1951 Idara ya Patholojia ya Makerere, chini ya Jack Davies, ilianzisha rejista ya saratani ya Kampala. Kwa hiyo kumbukumbu zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuziweka pamoja, kwa sababu kila daktari aliuita uvimbe huo kwa jina la mahali alipouona. Aliyeuona kwenye taya aliuita saratani ya mfupa, aliyeuona kwenye figo akauita saratani ya figo, na aliyeuona machoni akauita saratani ya jicho.

Mtu huyo alikuwa Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyezaliwa mwaka 1911 huko Enniskillen, Ireland ya Kaskazini, na kupoteza jicho moja katika ajali ya utotoni. Alikwenda Uganda mwaka 1946, akaanzia Lira, kisha akahamishiwa Mulago mwaka 1948. Siku moja ya mwaka 1957 aliitwa katika wadi ya watoto na Hugh Trowell, daktari aliyejulikana kwa utafiti wake wa kwashakoo. Kitandani alikuwepo mvulana wa miaka 5 hivi, mataya yake yamevimba katika pembe zote nne, juu na chini, kushoto na kulia. Jambo hilo lilimtatiza Burkitt. Usaha huanzia mahali pamoja, na uvimbe wa saratani vilevile. Vipi huu utokee pande nne kwa wakati mmoja?

Wiki chache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja. Akichungulia dirishani, akamwona mtoto mwingine amekaa na mama yake kwenye majani, uso umevimba kwa namna ileile. Alipompima, alikuta pia uvimbe tumboni. Wagonjwa wawili wa ajabu ya aina moja hawakuweza kuwa bahati tu. Burkitt alirudi kwenye mafaili ya Mulago na taarifa za uchunguzi wa maiti, akabaini kwamba watoto wenye uvimbe wa taya walikuwa na uvimbe pia kwenye figo, ini na ovari. Magonjwa yaliyokuwa na majina mengi yalikuwa ugonjwa mmoja.

Mwaka 1958 alichapisha makala kuhusu watoto 38 katika jarida la upasuaji la Uingereza, lakini waliojali walikuwa wachache. Mtaalamu wa patholojia Gregory O'Conor, aliyefanya kazi na Davies, alithibitisha baada ya hapo kwamba uvimbe huo ni limfoma, yaani saratani ya chembechembe za kinga. Naye Dennis Wright wa Makerere alieleza sura yake chini ya hadubini: chembechembe nyeusi zilizosongamana, na katikati yake madoa meupe yaliyotapakaa kama nyota usiku.

Hatua iliyofuata ilitokana na ugeni. George Oettlé, mtafiti wa saratani kutoka Johannesburg, alipoonyeshwa watoto hao Mulago alisema ugonjwa huo haupo Afrika Kusini. Ikiwa uko Kampala na haupo Johannesburg, basi kuna mpaka mahali fulani, na mpaka unaweza kutafutwa. Kwa msaada wa pauni 25, Burkitt alichapisha vipeperushi zaidi ya 1,000 vyenye picha za watoto waliovimba taya, akavituma katika hospitali za serikali na za misheni kote Afrika akiuliza kama wagonjwa wa namna hiyo wameonekana. Kila jibu la ndiyo lilipata pini kwenye ramani ya ukutani. Taratibu ukajitokeza mkanda unaoikata Afrika katikati, kaskazini na kusini mwa ikweta, wenye mkia unaoshuka pwani ya mashariki hadi Msumbiji.

Barua hazikutosha kueleza kwa nini mkanda huo uishie pale ulipoishia. Tarehe 7 Oktoba 1961 Burkitt aliondoka Kampala na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakiwa katika gari la Ford lililokwishatumika, lililonunuliwa kwa pauni 250. Williams aliendesha na ndugu yake hospitali ya misheni ya Kuluva karibu na Arua, na alikuwa fundi hodari wa magari. Kwa wiki 10 walipita Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia, Msumbiji hadi Afrika Kusini na kurudi, safari ya kilomita 16,000 hivi. Katika kila hospitali waliwaonyesha madaktari picha zilezile na kuuliza swali lilelile.

Walichokiona ni kwamba ugonjwa hukoma kwenye miinuko. Karibu na ikweta mpaka wake ulikuwa mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini kadiri walivyoelekea kusini ndivyo mpaka huo ulivyoshuka, hadi mita 300 tu kusini mwa Msumbiji. Alexander Haddow, mkurugenzi wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, ndiye aliyeisoma ramani hiyo sawasawa: kizuizi si urefu wa mlima, ni baridi. Ugonjwa ulikuwepo pale ambapo joto haliteremki chini ya nyuzi 15 au 16 za Selsiasi na mvua ya mwaka inazidi sentimita 50. Hayo ndiyo mazingira yanayompendeza mbu. Kutokana na hilo wengi waliwaza kwamba kuna virusi vinavyosambazwa na mbu.

Virusi vilipatikana kweli, ingawa si vya mbu. Mwezi Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwemo Anthony Epstein, mtaalamu wa hadubini ya elektroni. Wakakubaliana vipande vya uvimbe vipelekwe London kwa ndege. Kwa zaidi ya miaka 2 Epstein hakuona kitu. Kisha mwezi Desemba 1963 ndege iliyobeba sampuli kutoka Kampala ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikatua Manchester. Sampuli ilipofika maabara jioni, maji yake yalikuwa yamechafuka, na ilielekea kuwa imeoza. Badala ya kuimwaga, Epstein aliweka tone moja chini ya hadubini, akaona kwamba uchafu ule ni chembechembe za uvimbe zilizo hai, zinaelea. Yvonne Barr alizikuza, Bert Achong akaziandaa kwa hadubini ya elektroni, na mwaka 1964 watatu hao walitangaza virusi vipya, ambavyo leo vinaitwa virusi vya Epstein-Barr.

Ugunduzi huo ulizaa swali jipya. Virusi hivyo huenea kwa mate na viko dunia nzima; zaidi ya watu 90 katika kila 100 huvipata maishani. Kwa nini basi viwaletee saratani watoto wa Uganda na wa kando ya Ziwa Victoria, na kuwaacha wa London? Jibu lilikuwa tayari kwenye ramani. Mkanda wa limfoma ulilingana na mkanda wa malaria ya mwaka mzima. Visiwa vya Unguja na Pemba, vyenye joto na mvua ya kutosha, vilikuwa na wagonjwa wachache mno. Na huko malaria ilikuwa imepunguzwa sana kwa kupulizia nyumba dawa ya kuua mbu. Mwaka 1969 Burkitt mwenyewe aliandika kwamba virusi na malaria hushirikiana: virusi hukaa ndani ya chembechembe za kinga, na malaria ya mara kwa mara huzichochea zigawanyike bila kupumzika. Katika kugawanyika huko, kromosomu ya 8 hukatika na kuungana na nyingine, mara nyingi ya 14, kama ilivyothibitishwa katika miaka ya 1970. Kuanzia 1982 ilijulikana kwamba kukatika huko huiamsha jini ya MYC, inayoziamuru chembechembe ziongezeke.

Fikra hizo zilipimwa Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka 1972 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichukua damu ya watoto wapatao 42,000 katika wilaya ya West Nile, Uganda, na kuihifadhi. Wachache walipougua baadaye, damu yao ya zamani ilionyesha kingamwili nyingi dhidi ya virusi vya Epstein-Barr kabla ya uvimbe kutokea. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1982, watoto wa chini ya miaka 10 huko North Mara, Tanzania, waligawiwa klorokwini ili kuona kama limfoma itapungua malaria ikipungua. Wagonjwa walipungua, kisha wakaongezeka tena. Lakini kupungua kulikuwa kumeanza kabla ya dawa kugawiwa, na vimelea vilianza kuwa sugu, kwa hiyo jaribio halikutoa hukumu ya mwisho.

Tiba nayo ilizaliwa kutokana na upungufu. Uganda haikuwa na mashine za mionzi, na kisu hakikufaa kwa uvimbe unaorudi baada ya siku chache. Burkitt alijaribu dawa zilizokuwa changa wakati huo: methotreksati, saiklofosfamidi na vinkristini. Matokeo yalishangaza. Uvimbe uliofunika uso uliyeyuka kwa wiki 2 au 3. Wazazi wengine waliwachukua watoto nyumbani baada ya dozi chache tu, na baadhi ya watoto hao walikutwa wazima miaka kadhaa baadaye.

Ili bahati igeuke kuwa elimu, mwaka 1967 Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani zilifungua kituo cha tiba ya limfoma katika majengo ya Mulago ya zamani, chini ya John Ziegler. Kituo hicho ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Humo wagonjwa waligawanywa kwa kura katika makundi, dawa moja ikalinganishwa na mchanganyiko wa dawa, na ikagundulika kwamba saratani hujificha katika maji ya uti wa mgongo hata uso ukiwa umepona. Baada ya Wamarekani kuondoka enzi ya Idi Amin, Charles Olweny aliiongoza taasisi hiyo, na baadaye Edward Katongole-Mbidde akailinda katika miaka migumu ya vita na uhaba wa dawa. Uvumilivu wao ndio uliofanya kumbukumbu na ujuzi visipotee.

Utafiti wa karne hii umerudi kwenye maswali yaleyale kwa vipimo vipya. Kati ya 2010 na 2016 mradi wa EMBLEM uliwalinganisha watoto wagonjwa na watoto wazima wa maeneo yaleyale huko kaskazini mwa Uganda, magharibi mwa Kenya na kaskazini magharibi mwa Tanzania. Ilionekana kwamba watoto waliorithi jini ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, hali inayowakinga dhidi ya malaria kali, hupatwa na limfoma hii kwa nadra zaidi. Asili imefanya jaribio ambalo klorokwini ilishindwa kulikamilisha. Katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Dar es Salaam, na hospitali ya Lacor, Gulu, watafiti wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford wamekuwa wakijaribu kutambua ugonjwa kwa kutafuta vipande vya DNA ya uvimbe na ya virusi katika damu ya mtoto. Sababu ni ya wazi: majibu ya kinyama kilichokatwa huweza kuchukua wiki kadhaa, na uvimbe hausubiri.

Hapo ndipo deni lilipo. Katika nchi tajiri, karibu watoto 90 katika kila 100 wenye limfoma ya Burkitt hupona. Afrika Mashariki, ambako elimu hiyo ilipatikana kwa miili ya watoto wake, wanaopona mara nyingi ni nusu au pungufu. Dawa ni zilezile. Kinachowaua ni kuchelewa, nauli, dozi zinazokatishwa na maambukizi ya wodini. Chanjo za malaria zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 na 2023 huenda zikapunguza wagonjwa wa kesho, lakini haziwezi kumtibu wa leo. Mtoto ambaye jino linalegea kabla ya wakati na taya linavimba asiishie kung'olewa jino. Apelekwe hospitali ya rufaa siku hiyohiyo, kwa maana ugonjwa huu unatibika, na kila siku inayopita huupa nafasi ya kukua maradufu.