Hesabu ya Vichwa

Vijana wenzangu, tuanze na hesabu. Mwaka 2004 Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulipanga ruzuku ya shilingi 25,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Haki tupu, au siyo? Sasa panda Nkoaranga, huku mlimani Meru. Shule ya wanafunzi 800 inapigiwa milioni 20; ya 200, milioni 5. Lakini maabara haijengwi robo, wala mlinzi halindi robo ya usiku! Pengo lilizibwa na michango ya wazazi, wakulima wa kahawa na ndizi. Mwaka 2016 ada ikafutwa, na fidia yake nayo ikafuata vichwa. Shule ndogo ikifungwa, binti wa mlimani ndiye atakayetembea. Tudai kwanza fungu la kila shule, ndipo tuhesabu vichwa.