Mchanga Haukuiua Bruges: Jiografia na Siasa katika Anguko la Bandari ya Flanders

Kwa muda mrefu anguko la Bruges, mji wa Flanders katika Ubelgiji ya leo, limeelezwa kwa sababu moja: mchanga uliziba njia yake ya baharini. Makala hii inadai kwamba sababu hiyo haitoshi. Kujaa mchanga kuliidhoofisha bandari, lakini wafanyabiashara walifukuzwa na uhasama kati ya mji na mtawala wake.

Mchango wa jiografia haupingiki. Mwaka 1134 dhoruba ilipasua pwani na kufungua mkono wa bahari ulioitwa Zwin. Damme ilianzishwa mwaka 1180 kuwa bandari ya Bruges, na shehena zikamalizia safari kwa mfereji. Mwaka 1277 meli za Genoa ziliwasili, zikaiunganisha Flanders na Mediterania moja kwa moja.

Namna mji ulivyoyatumia maji hayo inaonekana katika jengo moja, Waterhalle, lililojengwa mwishoni mwa karne ya 13 kwenye uwanja mkuu. Lilisimama juu ya mto Reie. Mashua zilipita chini ya paa lake, na bidhaa zikapakuliwa bila kuguswa na mvua, katikati kabisa ya soko. Bahari ilikuwa mbali, ila wenyeji waliileta hadi mlangoni.

Ustadi huohuo uliwafaa Zwin ilipoanza kujaa mchanga. Katika karne ya 15 meli kubwa zilitia nanga Sluis, mji wa pwani ya Zwin, na mizigo ikahamishiwa kwenye vyombo vidogo. Hata hivyo, hicho ndicho kipindi ambacho Bruges ilifikia kilele cha fahari yake chini ya watawala wa Burgundy, na ndimo Jan van Eyck alimochora hadi kifo chake mwaka 1441. Kama mchanga peke yake ungeweza kuua mji, Bruges isingestawi wakati njia yake inazidi kuziba.

Pigo lilitoka kwingine. Mary wa Burgundy, mtawala wa Flanders, alipofariki mwaka 1482, mumewe Maximilian alidai kutawala kwa niaba ya mtoto wao, nayo miji ya Flanders ikakataa. Mwaka 1488 wakazi wa Bruges walimshikilia kwa zaidi ya miezi mitatu. Baada ya kuachiwa, aliwaamuru wafanyabiashara wa kigeni wahamie Antwerp. Wapo waliorudi baadaye, lakini imani ilikuwa imevunjika. Wareno walihamishia kituo chao Antwerp mwaka 1499, na pilipili manga ya Asia ikafuata huko.

Huenda msomaji akasema kwamba Antwerp ilishinda kwa kina cha mto Scheldt. Kina hicho kiliisaidia, ndiyo. Lakini mwaka 1585 majeshi ya Hispania yaliiteka Antwerp, na Waholanzi, maadui wa Hispania, wakaufunga mlango wa mto. Maji hayakupungua, ila wafanyabiashara waliondoka, wengi wao wakaelekea Amsterdam.

Miji hiyo miwili inathibitisha hoja moja: bandari huishi kwa maji na kwa amani. Mtafiti wa miji ya kale asiridhike na ramani za pwani peke yake. Azisome pamoja na amri za watawala, mikataba na kumbukumbu za maasi, kwa kuwa humo ndimo imeandikwa sababu ya mfanyabiashara kubaki au kuhama.