Maisha Chini ya Maji ya Mto Mara

Mto Mara huanzia milima ya Mau nchini Kenya, hupita Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kisha hutiririka kati ya wilaya za Tarime na Serengeti kuelekea Ziwa Victoria.

Mchana viboko hushinda majini. Usiku hutoka kula nyasi. Kinyesi chao hulisha wadudu na samaki. Samaki aitwaye ningu hupanda mto kutaga mayai mvua zinaponyesha. Kamongo, samaki wa kwenye vinamasi, huvuta hewa kwa mapafu.

Karibu kila mwaka maelfu ya nyumbu hufa maji wakivuka mto. Mamba, samaki na tumbusi hula nyama yao. Mifupa yao huachia fosforasi majini kwa miaka kadhaa.

TAHADHARI: Mamba na viboko huua. Usiogelee, usizamie, usikaribie ukingo.