Kuitia Nguvu Plastiki Inayooza: Kutoka Bakteria wa Lemoigne hadi Grafini

Hapa Uganda mfuko wa plastiki tunauita kaveera, na mtu aliyewahi kulima karibu na mji anajua jinsi jembe linavyoifukua ikiwa nzima. Marufuku ilitangazwa mwaka 2009, mwaka mmoja baada ya sheria ya Rwanda, lakini sokoni bado tunafungiwa nyanya katika kaveera. Wengi wetu hudhani kwamba plastiki inayooza ni uvumbuzi wa juzi. Katika insha hii nitaonyesha kwamba ni ya zamani kuliko kaveera yenyewe, nieleze kwa nini ilishindwa, kisha niulize kama grafini inaweza kuiokoa.

Mwaka 1926 Maurice Lemoigne, mtafiti wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, alieleza kitu alichokikuta ndani ya bakteria aitwaye Bacillus megaterium. Bakteria huyo hujiwekea akiba ya chakula, kama mwili wa mtu unavyoweka mafuta, na akiba hiyo ni aina ya plastiki. Kwa kifupi huitwa PHB. Polithini, ambayo ndiyo kaveera, ilipatikana kwa bahati tu mwezi Machi 1933 katika maabara ya kampuni ya ICI huko Uingereza. Inayooza ilitangulia kwa miaka 7, lakini isiyooza ndiyo iliyoenea duniani kote: ilikunjika bila kupasuka, na baadaye petroli ya kuitengenezea ikapatikana kwa bei nafuu.

Bei ya petroli ilipopanda miaka ya 1970, ICI hiyo hiyo ikamrudia bakteria wa Lemoigne. Tatizo ni kwamba PHB ikiwa peke yake ni ngumu lakini huvunjika kama biskuti. Ukiivuta hukatika kabla haijarefuka hata kwa sehemu moja ya kumi. Wataalamu wa ICI wakabadilisha chakula cha bakteria ili atoe plastiki ya mchanganyiko, isiyovunjika kirahisi, wakaiita Biopol. Mwaka 1990 kampuni ya Wella ikaanza kuuza shampuu nchini Ujerumani katika chupa za Biopol. Hata hivyo ilikuwa ghali mara kadhaa kuliko plastiki ya kawaida. Ikapita mikononi mwa Zeneca, ikauzwa kwa Monsanto mwaka 1996, kisha kwa Metabolix mwaka 2001. Kwangu mimi hiki ndicho kipindi kinachofundisha zaidi, maana tunapenda kusema kwamba plastiki hizi zilishindwa kwa sababu ni dhaifu. Udhaifu ICI iliupunguza. Bei ndiyo iliyoishinda.

Kulikuwa na njia nyingine, ile ambayo mjenzi wa nyumba ya udongo anaijua anapochanganya nyasi ili ukuta usipasuke. Miaka ya 1980 watafiti wa Toyota huko Japani walichanganya nailoni na vipande vyembamba mno vya udongo wa mfinyanzi, ikawa imara zaidi. Kisha mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov wakabandua grafaiti, ile nyeusi ya penseli, kwa selotepu mpaka wakapata tabaka lenye unene wa atomu moja. Hiyo ndiyo grafini. Mwaka 2006 kundi la Rodney Ruoff huko Marekani likaitawanya ndani ya polistirini, na kiasi cha 0.1 tu kwa mia ya ujazo kikatosha kuanza kupitisha umeme. Kidogo sana kilikuwa kimeenea kote.

Wengine wakaijaribu katika PHB na katika PLA, plastiki inayotokana na sukari ya mahindi au miwa. Ikichanganyika vizuri huongeza nguvu na kuziba njia ya oksijeni, jambo muhimu kwa vifungashio vya chakula. Isipochanganyika, matabaka hugandamana na plastiki huvunjika pale pale yalipogandamana. Ndiyo maana wengi hutumia oksidi ya grafini, ambayo hushikana na plastiki kwa urahisi zaidi; asili yake ni oksidi ya grafaiti iliyotengenezwa na Benjamin Brodie wa Oxford mwaka 1859.

Swali langu ni hili: plastiki ikishaoza, grafini huenda wapi? Mwaka 2011 ilionyeshwa maabara kwamba kimeng'enya kutoka kwenye mzizi wa mmea kinaweza kuitoboa oksidi ya grafini, lakini hakikuiweza ile iliyoondolewa oksijeni. Kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 13432, cha mwaka 2000, kinataka asilimia 90 ya plastiki igeuke kuwa kaboni dioksidi ndani ya miezi 6. Plastiki yenye grafini nusu asilimia inaweza kufaulu kipimo hicho, na grafini yote ikabaki kwenye udongo ule ule tunaofukua kaveera.