Ngika na Gumha, walioigawa Usukuma kwa ngoma

Kijana wa Ushetu au Geita ukimuuliza yuko upande gani, atakutajia Simba au Yanga. Babu yake Msukuma angekujibu vingine: Bagika, au Bagalu.

Pande hizo mbili zilianzishwa na waganga wawili, Ngika na Gumha, katika karne ya 19. Simulizi za Usukuma zinasema walikuwa mahasimu, kila mmoja akitaka kuonyesha kwamba dawa yake ya ngoma ndiyo kali. Wafuasi wakagawanyika, na mgawanyo huo ukarithiwa na vizazi vyao.

Mashindano yenyewe huja kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani. Vikundi viwili huingia uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Majaji hawapo. Mtazamaji ana miguu yake: akichoshwa na huku, anahamia kule, na kikundi kilichozungukwa na umati mkubwa ndicho kilichoshinda. Kwa hiyo manju, anayekiongoza kikundi, hana raha hata dakika moja. Akiona watu wanapukutika, anabadili wimbo, anatoa sanamu ya mti iliyochongwa kwa ajili ya siku hiyo, au anamwachia mchezaji mwenye chatu shingoni ajisogeze karibu na watoto. Katika bugobogobo, ngoma ya wakulima, majembe hurushwa juu, yakapinduka hewani, yakadakwa bila pigo la ngoma kupotea. Anayelikosa jembe lake hapo amewapa wapinzani watu.

Mbali huko kwenye mchezo wa kuteleza kwenye barafu, kinyume chake, majaji wenye kalamu ndio huamua. Mfaransa Surya Bonaly, bingwa wa Ulaya mara 5 mfululizo kuanzia 1991, alipiga sarakasi ya kinyumenyume kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 na kutua kwa mguu mmoja. Ukumbi ulishangilia, majaji wakamkata alama, kwa kuwa mruko huo ulikuwa umepigwa marufuku wakati huo. Kwa kanuni za Gumha na Ngika, jioni ile ilikuwa yake.

Aliyeona thamani ya ushindani huu wa ngoma mapema alikuwa padri Mkanada, David Clement, aliyefika Bujora, karibu na Kisesa, Mwanza, miaka ya 1950. Pamoja na wazee wa Kisukuma alijenga makumbusho ambamo Bagika na Bagalu wana banda lao, na sikukuu ya Bulabo, kila Juni, ikawa uwanja wao wa kupambana. Bugobogobo nayo ilisafiri hadi Bagamoyo, ikafundishwa katika chuo cha sanaa.

Lakini vitabu vya shule vinamtaja Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, na ni haki yake, vikawapita waganga hawa wawili kimya. Mirambo alikusanya watu kwa bunduki. Ngika na Gumha waliwakusanya kwa ngoma, na Bulabo ikifika, watu bado wanahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine.