Hesabu ya Walimu na Hesabu ya Watoto

Zamani walimu wa Kenya waliajiriwa na misheni, mabaraza na Serikali, kila upande kwa masharti yake. Mwaka 1967 iliundwa Tume ya Huduma za Walimu, ikawa mwajiri mmoja. Kipimo kilichozoeleka cha kugawa walimu ni mmoja kwa watoto 40 walioandikwa daftarini.

Kipimo hicho chaonekana cha haki, lakini kwa wafugaji wa Mashuuru kina upungufu. Katika mpango wa madarasa 8, wa 1985 hadi 2023, shule yenye watoto 120 ilistahili walimu 3 tu. Tena ukame ukija, kama wa 1984 na 2009, ng’ombe huhama, na watoto huwafuata, daftari hupungua.

Mwaka 2005 Serikali iliweka shabaha ya watoto 25 kwa mwalimu katika nchi kame. Ni hatua njema. Hata hivyo, watoto 120 hawafikishi walimu 5.

Basi yatupasa wazazi kumwandikisha kila mtoto, wa kike na wa kiume. Asiyeandikwa hahesabiwi, naye asiyehesabiwa huwapunguzia wenzake mwalimu.